Sinema ya Yozefu Iliyoanza na Mwisho

Maman hakutaka kuja. Tangu yaya, kaka yangu mkubwa, aende kuchimba dhahabu upande wa Shabunda, hakutaka kusikia habari ya mashimo, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nimemweleza kwamba katika sinema ya Yozefu kuna shimo.

"Basi mutaangalia nyinyi," alisema, akiendelea kuchambua maharagi.

Ilikuwa sinema ya michoro, ile ambayo watu wamechorwa kwa rangi halafu wanatembea na kusema. Padri kijana wa parokia yetu hapa Ibanda aliileta katika mikebe miwili ya bati: mmoja una mwanzo wa hadithi, mwingine una mwisho. Lakini inasema Kifaransa. Ikabidi atafutwe mtu wa kusimama karibu na shuka jeupe la kuonyeshea picha, ashike mikro ya kupazia sauti na kutafsiri kwa Kiswahili. Masere, wale watawa wanaotufundisha sekondari, wakanitaja mimi, mimi ambaye nikiulizwa darasani najibu nikitazama viatu vyangu. Nilikubali kwa sababu ya giza. Gizani hakuna anayekuona.

Jumapili ya kwanza niliona vile inavyoisha. Muzee Yakobo anashuka kwenye gari la ng'ombe, Yozefu anamkimbilia, wanashikana shingo. Wamechorwa hivyo kwa muda mrefu, mpaka kilemba cha muzee kinaanguka chini na hakuna anayekiokota. Nilitafsiri mpaka neno la mwisho. Nilirudi nyumbani na wazo moja tu: maman aone hiyo. Miaka miwili hatukupata barua, na miaka miwili hakutaja jina la yaya hata mara moja. Nilitaka alitaje. Nilikuwa ninaogopa kwamba kichwani mwake amekwisha kumzika.

"Shimo iko mwanzo tu, maman. Unafunga macho. Kisha kule mwisho mutoto na baba yake banaonana."

"Banaonana kweli?"

"Niliona na macho yangu."

Akaja Jumapili iliyofuata, sinema ilipoonyeshwa tena, saa tisa ya mchana, amejifunga vikwembe viwili vya kitenge kama mamans wote. Ukumbi wa parokia una madirisha mengi na hauna mapazia, kwa hiyo kila maman anafungua kikwembe cha juu na kukitundika dirishani, ndipo tunapata giza. Cha maman wangu, cha maua ya buluu, kilipata dirisha lililo karibu kabisa na shuka.

Mashine ikanguruma. Kwenye shuka akatokea Yozefu tayari mkubwa wa Misri, na kaka zake wamepiga magoti wakiomba ngano.

Nilielewa palepale. Padri alikuwa ameanza na mkebe wa pili. Ilitosha niseme, "Padri, mkebe si huu." Lakini taa zingewaka na watu wote wangenigeukia. Nikatafsiri.

"Leo banatupatia dessert mbele ya bugali," baba mmoja akasema nyuma, na watu wakacheka. Hadithi wanaijua, hawakuona shida.

Walipofika pale pa kushikana shingo, nilimwona maman ameweka mikono miwili mdomoni. Nilijiambia: basi, ameona, twende nyumbani. Nilipaswa kumwendea na kumtoa nje wakati ule ule. Nilibaki nimeshika mikro, na padri akaweka ule mkebe mwingine.

Kaka zake wakamvua Yozefu joho lake. Wakamtupa shimoni. Hilo shimo limechorwa kama vile wewe ndiwe uliye chini: mdomo wake uko juu, mdogo kama kifuniko cha sufuria, na nyuso zinachungulia. Nikatafsiri, "Munitoe, kaka zangu."

Maman akasimama. Akaenda dirishani, akavuta kikwembe chake. Jua likaingia, picha ikafutika.

"Ee maman, rudisha," mtu mmoja akapiga kelele.

"Sasa tunaangalia nini, ukuta?"

"Kikwembe iko yangu," akasema, akijifunga.

Sauti ya Yozefu ilikuwa bado inalia kwa Kifaransa, bila shimo wala mtu. Watoto wakanigeukia, "Anasema nini?" Wote walikuwa wananiona. Nikasema kwenye mikro maneno ambayo hayamo katika sinema: "Anatoka. Mikebe iligeuzwa, na mimi nilijua, nikanyamaza. Anatoka mule."

Maman alisimama kidogo mlangoni, kisha akatoka. Nikaweka mikro juu ya kiti, nikamfuata.

Tulipanda kilima, mimi nyuma yake. Karibu na nyumbani akauliza, "Ule muzee alingojea miaka ngapi?"

"Sijui, maman."

"Weye unasomaka. Utaangalia."

Tukatembea tena. Kisha akataja jina la yaya. Akasema yaya alipokuwa mutoto hakulala kama mlango wa chumba umefungwa, ilibidi uachwe wazi kidogo.

Jioni nilifungua Kitabu cha Mwanzo. Yozefu alikuwa na miaka kumi na saba alipouzwa, makumi tatu aliposimama mbele ya Farao. Ongeza miaka saba ya shibe na miwili ya njaa. Muzee alingojea miaka makumi mbili na miwili. Nilihesabu mara tatu.

Asubuhi maman aliniuliza kama nimeona. Nikamwambia bado ninatafuta.