Saa Ambayo Sikuwatajia

Nilishuka Delta, huku mto unakoingia baharini, nikitokea vilimani, Umatumbini, kijana mwenye panga moja. Darasa la tatu ndiko nilikoishia. Leo nina nyumba ya bati, mashine ya kukoboa mpunga, boti ya injini, na nimekuwa mwenyekiti wa kijiji vipindi viwili. Hakuna mtu aliyenishika mkono kwenye hayo. Lakini nikimwona mtu wa visiwani pale sokoni Kibiti, najifanya nachagua nyanya mpaka apite.

Kijiji chetu kilikuwa na pande mbili. Upande wa bara ndiko kwenye ofisi, zahanati na kituo cha kupigia kura. Ng'ambo ya mkono wa mto, ndani ya mikoko, kuna visiwa vitatu vidogo, vyote kitongoji kimoja. Kila jambo la serikali, wanaovuka ni wao. Kura, wavuke. Mjamzito ameshikwa na uchungu, avuke. Mwishowe wakasema inatosha, wanataka kijiji chao, wawe na zahanati yao na kituo chao cha kura.

Aliyesimama mbele yao ni mama mmoja mjane. Huyu si mtu baki kwangu. Marehemu mumewe ndiye aliyenipokea nilipofika, akaniita mdogo wake, nikalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo katika shamba lao, msimu mzima nikiamia ndege wasile mpunga. Na ndiye aliyenifundisha maji. Mwezi mwandamo ukiwa mosi au kumi na tano ni bamvua, maji makubwa, yanajaa alfajiri na alasiri, lakini saa nne, saa tano asubuhi yamekupwa, mkono wa mto unabaki tope tupu, mtumbwi haupiti. Nilichukua muda kuelewa. Mkewe alikuwa akinicheka, "Shemeji Mmatumbi, maji yakikusogelea unapanda mti!"

Sasa, mimi sikutaka kijiji kigawanyike. Wakati ule nilisema ni kwa ajili ya umoja. Uongo. Nilipenda kuitwa mwenyekiti wa kijiji kikubwa. Jamaa mmoja pale barazani alinitania, "Wakiondoka wale, mzee, utabaki mwenyekiti wa nyani na mikorosho." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini maneno yale niliondoka nayo.

Jambo lilitakiwa lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Watu wa bara mkutanoni huja wachache, na wengi wao wana ndugu visiwani. Visiwa wakifika wote, wameshinda. Hilo nililijua vizuri.

Mtendaji wetu alikuwa kijana mgeni, mtu wa mikoa ya juu huko, bahari kaiona akiwa mtu mzima. Akaniuliza, "Mzee, tuuweke lini?"

Nikahesabu kwenye vidole. Mwezi kumi na tano uliangukia Jumamosi.

"Jumamosi," nikamwambia. "Saa nne asubuhi."

"Na wa visiwani watawahi?"

"Wale watu wa maji, mwanangu. Hao niachie mimi, taarifa nitawapelekea."

Akabandika tangazo kwenye ubao wa ofisi, saa nne. Nani wa visiwani anavuka kuja kusoma ubao? Mimi nikawapelekea neno kwa mdomo: mkutano ni Jumamosi ya bamvua. Nikaishia hapo. Saa sikuitaja.

Aliyekulia mjini ataniuliza, kwani wao hawakuuliza saa? Hawakuuliza kwa sababu kwetu mtu asipotaja saa, saa ni maji. Mkutano wa siku ya bamvua ni wa maji ya alasiri, ndivyo tulivyofanya miaka yote, na mimi mwenyewe nilikwishaendesha mikutano hiyo. Walijua kwamba najua. Wakatulia.

Jumamosi nilifungua mkutano saa nne kamili, mimi ambaye hata harusi ya binti yangu nilichelewa. Mzee mmoja wa bara akanyanyuka, "Mwenyekiti, wenye jambo lao mbona hawapo?"

"Taarifa ilitoka," nikasema.

Sauti ikatoka nyuma, "Labda wameshakuwa nchi yao, wanangoja tuwaombe viza!" Kicheko kikapita. Nikakiacha kipite vizuri, maana kilinisaidia. Kisha nikaita mikono. Wanaokubali, wachache. Wanaokataa, wengi kidogo. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wamekataa.

Kumbe mtu alishawapigia simu. Walitia mitumbwi ikakwama njiani, wengine wakarudi, wengine wakashuka kwenye tope. Tulikuwa tunasaini mahudhurio alipotokea yule mama na wenzake watatu. Tope lilimfika kiunoni. Kanga imemshika miguu, kiatu kimoja hakipo, na huyu ni mtu mwenye wajukuu wanaooa.

Akasalimia. Tukaitikia.

"Mama, tumeshafunga," mtendaji akamwambia kwa upole.

Hakumtazama. Alinitazama mimi. "Shemeji, leo mwezi mangapi?"

"Kumi na tano," nikasema.

"Haya."

Waliozaliwa pale wote wakaelewa. Niliona wanainamisha macho mmoja baada ya mwingine. Mtendaji peke yake alibaki anatuangalia kama mtu aliyeingia msibani hajui nani kafa. Wale wanne wakakaa barazani pa ofisi kungoja maji yarudi wavuke. Mke wangu aliwapelekea wali na maji ya kunawa. Mimi sikutoka ndani.

Kipindi kilipoisha sikuchukua fomu. Watu wakanisifu eti nimewaachia vijana. Niliwaacha wanisifu.

Mwaka jana nilivuka mwenyewe kwenda kwake. Alinikaribisha kama zamani, akaweka mkeka, akapakua samaki wa nazi. Nilipoanza, "Shemeji, siku ile ya mkutano," akanikatiza.

"Kula kwanza."

Nikala. Alipokwisha kutoa vyombo akasema, "Unataka kuniambia mimi? Mimi najua. Kuku hawa nao wanajua. Mtendaji anasema karatasi inaonyesha tulikataliwa, na bila sababu hawezi kulirudisha jambo letu mkutanoni. Sababu unayo wewe, shemeji. Kaiseme pale pale ulipoifichia."

"Nitaisema."

"Inshallah," akajibu, na hakuniangalia.

Mkutano uliofuata uliitishwa kwa maji ya alasiri, mwenyekiti ni mwingine. Visiwa walijaa. Yeye alikaa mbele, chini, kwenye mkeka wake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri, maneno machache tu: saa niliijua, nikawaficha. Ikafika ajenda ya mengineyo. Nikanyoosha mkono.

"Mzee wetu, karibu," mwenyekiti akasema, na watu wakanyamaza kwa heshima.

Nikasimama. Nikawaona wakwe zangu. Nikawaona watu ambao nimewasuluhishia ndoa na mipaka ya mashamba, wananiangalia kama mtu wa haki. Nikaona na mkeka ule wa mbele. Nikafungua kinywa nikazungumzia ng'ombe wanaoingia kwenye mpunga. Nilisema vizuri, kwa ukali, kama ninavyojua. Nikaitaka serikali ya kijiji ichukue hatua.

Wakanipigia makofi. Nilipokaa, yule mama alikuwa anakunja mkeka. Dua ya kufunga ilikuwa bado, na maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, hakukuwa na sababu ya kuwahi. Wenzake wakanyanyuka naye, wote wa visiwani, bila kelele, wakashuka kwenye mitumbwi yao.