Moroni Ilivyofutwa Ubaoni

Tangu kisiwa chetu cha Nzwani kijitenge na visiwa vingine vya nchi, shule zimefungwa na meli zinakuja zikitaka. Juzi, kwenye dirisha la tiketi bandarini Mutsamudu, bibi mmoja alikuwa akimfundisha mjukuu wake kusoma. Alichovya kidole kwenye kikopo cha liwa, rojo ya msandali, ileile aliyojipaka usoni, akamchorea herufi moja moja kiganjani. Mtoto akaitafuta kila moja kwenye ubao wa safari. Zilipotimia zote, akalisoma neno zima, mji wa kisiwa cha pili aliko mama yake.

“Moroni. Kwa mama.”

Karani akatoka na kitambaa, akalifuta. Meli haiendi.

“Koko, mama kafutwa,” mtoto alimwambia bibi yake.

Bibi alichovya tena kidole kwenye liwa. Aliliandika neno lote kiganjani mwa mtoto. “Huyu hapa. Msome tena.”

Mtoto akasoma kwa sauti. Karani alisikiliza, kitambaa mkononi, kisha akachukua chaki akaandika upya: MORONI. Mahali pa saa ya kuondoka akapaacha wazi.

Wazazi wanaoiandikia safu hii wakiuliza wafanye nini na watoto siku hizi, jibu langu ni kikopo cha liwa. Wanaouliza meli itaondoka lini, wakasome ubao. Moroni ipo, saa haipo.