Dada Mkasi na Mikia ya Hesabu

Kwenye chumba cha habari cha redio walimwita Dada Mkasi. Kwa miaka kumi na tisa aliandika taarifa ya saa saba mchana, na hakuna aliyemfikia kwa kukata mkia. Kukata mkia ni hivi: vita vikiwa kwenye nchi za wenye nacho, waliokufa husomwa kwa jina na umri, hata mbwa waliyemwacha hutajwa. Vikiwa kwa akina yakhe, hesabu hushushwa ikae kwenye makumi kamili, msomaji asije akajikwaa. Arobaini na watatu wanakuwa arobaini. Wale watatu wanakwenda wapi, aulizwe nani?

Yeye alijua. Walikuwa wanakwenda kwake. Akiosha vyombo, alihisi watu wameketi mezani nyuma yake, kimya, wanasubiri kuitwa. Aliogopa, wala hakuthubutu kugeuka.

Jumanne moja ikaingia habari ya soko lililopigwa bomu ng'ambo ya mpaka, katika mji ambako mdogo wake wa kiume alikuwa fundi cherehani. Waliokufa, sitini na mmoja. Akampigia mdogo wake, hapatikani. Akapiga tena. Lakini vidole vilishazoea kazi: vikaandika sitini.

"Bosi, hatuwezi kutafuta majina yao?" alimwuliza mhariri.

"Majina ya nini tena, dada yangu? Una sekunde ishirini. Jana tumesoma tisa, watu wamechoka."

Tisa wa jana walikuwa wa kule kwa wenye nacho. Walipewa dakika nne nzima, na muziki wa huzuni juu. Dada Mkasi akaona uchungu, akaumeza. Ile sitini hakuigusa.

Saa saba na robo simu ikalia. Ni mama yake.

"Mwanangu, mkwe wangu kapiga analia. Eti walishahesabu maiti sitini, ndipo wakamfukua mdogo wako, wa mwisho kabisa." Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikamwambia, nyamaza, umechanganyikiwa. Redio nimeisikiliza mwenyewe, wamesema sitini. Wewe si ndiye unayeandika? Hamuwezi kukosea."

Nyuma ya Dada Mkasi kiti kikavutwa, mtu akaketi. Safari hii hakuhitaji kugeuka ili amjue.