Kiwambo na Utepe wa Bomba

Kazi yangu ni kupima masikio ya watu. Kwa miaka kumi na miwili nimeketi katika kliniki yangu hapa Randburg nikiwaeleza wanaume wazima kwamba ule mlio wanaousikia kichwani si mbu, ni malipo ya kufyatua bunduki bila kuziba masikio. Kwa hiyo, kwa busara yangu yote, nikanunua bunduki.

Lawama nampa mgonjwa wangu mmoja, mkulima, aliyetualika shambani kwake mimi na mume wangu majira ya baridi. Alinipa bunduki nijaribu kulenga kopo. Nikalipiga. Akaweka la pili, nikalipiga. Mume wangu, mhadhiri ambaye hata kuku wa Krismasi humnunua akiwa ameshakatwakatwa, alipiga makofi kwa adabu akidhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikajaza fomu za polisi, nikasubiri leseni kwa muda ambao wanawake wengine hushika mimba, huzaa na kumwachisha mtoto ziwa. Bunduki ilipofika, kitu cha kwanza nilichotaka kilikuwa kiwambo cha sauti, kile kibomba kinachofungwa mbele ya mtutu ili kupunguza kishindo. Kwa sababu za kitaalamu, bila shaka.

Dukani tulihudumiwa na bwana mmoja mwenye kaptura ya kaki na soksi ndefu. Alimpa mume wangu mkono.

"Mzee unawinda nini?"

"Mimi nawinda pa kuegesha gari," mume wangu akajibu. "Mwenye bunduki ni huyu."

Yule bwana alinitazama akatabasamu, kama mtu aliyeambiwa paka wa nyumba hii hupiga kinanda. Akaniletea kiwambo kifupi. "Hiki ni chepesi. Kinawafaa sana akina mama."

Labda kilinifaa kweli. Sitajua, kwa sababu baada ya neno "akina mama" sikusikia tena kitu, mimi mtaalamu wa masikio. Nilinyoosha kidole kwenye kirefu kuliko vyote, cheusi, kinene kama chupa ya chai. Aliniuliza mtutu wangu una hesi za kipimo gani, yaani ile mifereji ya kuzungushia, kama ya kwenye mdomo wa chupa ya soda. Nilimjibu haraka kwamba ni za kawaida. Sikuwa na habari yoyote. Kukiri kungekuwa kumpa ushindi, na mimi sikuja dukani kugawa ushindi.

Nyumbani kiwambo kiliingia kwenye mtutu kwa urahisi wa kutisha. Kilizunguka, kikafika mwisho, kisha kikabaki kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Mtu mwingine angerudi dukani. Mimi nilikwenda kwenye droo ya jikoni, nikatoa utepe mweupe ambao mafundi bomba huzungushia mifereji ili maji yasivuje, nikauzungushia mtutu mara nne. Kiwambo kikakaza. Nikajipongeza.

"Umefunga bunduki au sinki?" mume wangu aliuliza.

"Kimekaza."

"Sikuulizi kama kimekaza. Kabla hujakipeleka uwanja wa shabaha, kamwonyeshe fundi."

Fundi aliyemtaja tunasali naye, katika kanisa lililo ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu mjini. Ni Mkongo wa Kolwezi aliyechonga vyuma migodini miaka mingi, na sasa hufanya kazi kwa fundi mmoja wa bunduki kule Rosettenville. Nilikubali ili tu nimwaibishe mume wangu. Tulifungia bunduki kwenye kisanduku chake, tukaenda.

Fundi alihakikisha bunduki haina risasi, akatoa kiwambo, akauona utepe. 

"Mama," akasema, "nani alifanya hii?"

"Mimi."

"Eish."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikirudisha kiwambo vilevile nilivyokuwa nimekifunga, akachukua ufito wa chuma ulionyooka, akaupitisha kutoka nyuma ya mtutu taratibu. Ulipofika ndani ya kiwambo, ukagota. Akaniita nichungulie kwa mbele. Ncha ya ufito ilikuwa imegusa ukingo wa tundu, pembeni kabisa.

"Hii kintu haiko ya hii bunduki. Hesi zake ni kubwa, njo sababu inalala upande. Risasi ingepiga hapa. Inapasuka, Mama. Na uso yako iko karibu."

  Nilimwona mume wangu akiangalia ukutani kwa makini, kwenye kalenda iliyokuwa bado mwezi uliopita, na mkono wake ulikuwa umeshika mgongo wa gauni langu kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara.

Fundi alinipimia hesi, akaniandikia kipimo kwenye kipande cha boksi. Dukani yule bwana wa kaptura alibadilisha kiwambo kwa tabasamu lilelile la paka na kinanda. Nilichukua kile kifupi. Fundi mwenyewe alikifunga, safari hii bila mchango wa jikoni, na ufito ukapita katikati bila kugusa popote.

Jumamosi uwanjani risasi zangu tatu za kwanza zilitua chini ya pale nilipolenga, maana uzito mpya mbele ya mtutu hubadilisha mambo. Nilirekebisha darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, nikapiga tena, zikakaa mahali pake. Na kile kimya cha kwenye sinema? Hakipo. Ni kishindo kilichoshushwa hadhi tu, na masikio yanazibwa vilevile.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa ameshavaa viziba masikio, amekunja mikono ya shati.

"Sogea basi," akasema. "Na mimi nijaribu kopo moja."