Kijumba Cheupe kwenye Njia ya Kabambare

Kosa langu la kwanza lilikuwa rangi. Nilikipaka kile kijumba rangi nyeupe mara tatu, na kila mara nikangoja siku mbili kikauke, huku dada yangu Anastazia amelala chali Kabambare na nyonga iliyovunjika. Siku sita. Hakuna aliyeniomba rangi. Niliona viraka vya mbao vinaonekana, nikaona haya, nikavifunika. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mabaya mengi ya safari ile yalitoka humo, na sitaki msomaji afike katikati ananihurumia bure.

Sababu ya kuondoka ilikuwa barua ya shemeji. Dada alikuwa ameteleza kwenye daraja la gogo, kikapu cha muhogo kichwani. Muuguzi wa zahanati ya Kabambare alisema apelekwe hospitali ya Kasongo akiwa amelala, asitikiswe, la sivyo hatatembea tena. Shemeji akaenda ofisi ya serikali kuomba gari. Akaambiwa angoje lori la pamba, mgonjwa atapandishwa juu ya magunia. Juu ya magunia, mtu mwenye nyonga iliyovunjika! Muda si mrefu kabla ya hapo mke wa ajenti mmoja wa kizungu alikuwa amepata homa, na gari likatoka Kasongo siku ile ile kumfuata. Homa tu. Nilisoma barua ile mara nne nimesimama, na kila mara nilipofika kwenye neno magunia, nilirudi mwanzo.

Mimi ni seremala wa Kasongo. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kurekebisha viti vya jirani, na hadi leo sijui kumaliza kitu. Nakipiga randa mpaka kinakaribia kwisha. Nilikuwa na karatasi moja ya gazeti la Ulaya iliyokuja imefunga sabuni, yenye picha ya kijumba cha kulala kinachovutwa nyuma ya gari. Umbo lake lilikuwa la tone la maji: mbele duara, nyuma kinashuka na kuchongoka. Ndani kitanda tu. Nyuma, chini ya kifuniko, mahali pa sufuria na jiko. Wenyewe wanakitumia kwenda kustarehe. Mimi nikasema, dada atasafiri humu.

Lakini kile cha picha kilikaa chini kama bata, na njia ya Kabambare ina mawe na mashimo ya kuzamisha mbuzi. Kwa hiyo nilichukua ekseli na resori, zile bapa za chuma za kupokea mtikisiko, za kamiyoneti iliyokufa, gari dogo la mizigo, nikaziweka resori juu ya ekseli, siyo chini yake, ili tumbo la kijumba liinuke. Kukunja mbao za paa kulinishinda kabisa. Nilivunja saba. Mwishowe nilikwenda Nyangwe kwa wachonga mitumbwi, ambao hupanua gogo kwa maji na moto, nikakaa nao siku mbili nikiangalia. Nikarudi nikalowanisha mbavu za paa, nikazipasha polepole, zikakunjika. Mianya nikaiziba kwa sandarusi iliyoyeyushwa na mawese, vilevile kama wao. Kitanda nilikisuka kwa kamba, zilegee kidogo zipokee mtikisiko, na juu godoro la sufi. Nilikuwa na furaha. Hapo ndipo nilipoona viraka, nikatafuta rangi.

Jumatatu alfajiri tuliondoka Kasongo. Aliyetuvuta kwa kamiyoneti ni Salumu, dereva wa mfanyabiashara mmoja wa mjini, aliyekuwa akienda Kabambare kuchukua karanga. Tajiri wake alikubali kwa sharti tusimcheleweshe. Salumu alikizunguka kijumba, akafungua kifuniko cha nyuma, akaona mahali pa sufuria.

“Fundi, hii yai yako iko na jiko?”

“Ndiyo.”

“Basi nikioa tena, nitakuja kukuomba nyumba.”

Asubuhi yote nilikaa nimegeuza shingo, nikiangalia nyuma. Kila jiwe liliniuma mimi kabla ya gurudumu. Salumu alisema nikiendelea hivyo tutafika na wagonjwa wawili.

Saa kumi jioni, mvua ikitukusanyikia, tulifika kwenye nyumba ya safari ya serikali, ile wanayolala wazungu wakiwa ziarani. Mlinzi alipoona kijumba cheupe kinaingia uani alikimbia, akafungua milango, akatandika shuka, akaweka maji kwenye beseni. Kisha akasimama wima mbele ya mlango wa kijumba changu.

“Bwana anashuka saa hii?”

Nikamwambia ukweli. Hakuna bwana. Ni kitanda cha dada yangu mgonjwa, tunakwenda kumchukua. Tunaomba ukumbi tu mpaka mvua iishe. Uso wake ulifungwa kabla ya milango. Alimwaga yale maji chini, mbele yetu, akatoa shuka moja moja.

“Ondoeni hiki kitu uani. Muzungu anaweza kufika.”

“Na mvua hii? Anatoka wapi?” Salumu akauliza.

“Anaweza.”

Vyumba vitatu vitupu, na sisi tukasukumwa barabarani. Tulijibana ndani ya kijumba wawili kwenye kitanda cha mtu mmoja, miguu ya Salumu kwenye bega langu. “Ulitupimia jeneza,” alisema, akalala. Paa halikuvuja isipokuwa tone moja kwenye kona. Niliangalia lile tone nikafikiri: leo nilisema kweli, na ona tulipo. Nilikasirika hivi kwamba hasira ilinipa ruhusa. Hapo ndipo nilipojiruhusu yale ya kesho yake.

Jumanne mchana tulishuka bondeni, mahali ambapo kijito kimekata njia na hakuna daraja. Kamiyoneti ilizama, kijumba nacho kikazama nyuma yake. Juu ya kilima palikuwa na kijiji, na mashamba ya mpunga ulioiva. Alishuka mtu mwenye kofia ya kitambaa na fimbo. Alikuwa kapita, msimamizi wa kazi za barabara. Alipoona kijumba cheupe, mlango umefungwa, akavua kofia.

“Bwana iko mule ndani?”

Salumu aliniangalia. Mimi nikaangalia matope. Salumu akaweka kidole mdomoni.

“Usimuamshe.”

Ningeweza kusema neno moja. Nilikuwa na muda wote wa kulisema, maana kapita aliinamia mlango kwanza, kisha akapanda kilima taratibu. Akarudi na watu ishirini hivi, wanaume kwa wanawake, wengine na visu vya kuvunia mikononi. Aliwatoa shambani. Walifunga kamba, wakavuta. Na walipovuta waliimba kwa Kibangubangu, wakiwa na hakika kwamba aliye ndani haelewi. Mimi ninaelewa, ni lugha ya mama yetu. Aliyeongoza aliitwa Amisi, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza.

“Huyu wa leo ni mzito!”

“Amekula nini?”

“Amekula pamba yetu!”

“Amekula nini tena?”

“Amekula barabara, na bado analala!”

Wakacheka, wakavuta. Nyuma yao ndege walishuka kwenye mpunga kwa makundi, hakuna wa kuwafukuza. Tulipotoka upande wa pili kapita alipiga saluti kwa godoro tupu. Salumu alicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka pia. Niliona tumelipiza kisasi kwa yule mlinzi. Sikujiuliza kisasi kile kimempata nani.

Jumanne kabla ya jua kutua tulifika Kabambare. Anastazia alikuwa amekonda hivi kwamba nilimtambua kwa sauti. Shemeji hakusema mengi.

“Ulikawia, shemeji.”

“Nilikuwa natengeneza.”

“Naona. Kinang’aa.”

Ningependa angenitukana.

Jumatano asubuhi tulimlaza dada ndani. Alipapasa mbavu za paa akasema, “Kama kulala ndani ya mtumbwi uliogeuzwa.” Salumu alipakia magunia machache tu, akaahidi kujieleza kwa tajiri mwenyewe, na akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kila kilima nilishuka kumuuliza dada kama anaumia. Mara ya sita akasema, “Utaniua kwa maswali.”

Alasiri tulifika tena kwenye kile kijito. Mvua ilikuwa imenyesha juu, maji yalikuwa yanapanda. Kamiyoneti ilivuka kwa shida baada ya Salumu kukata kamba ya kijumba, nacho kikabaki upande tuliotoka, magurudumu ndani ya maji. Kapita alikuwa amekwisha kutuona. Alikuja na watu wale wale, anawasukuma kwa fimbo. Amisi alikuwa nyuma, anachechemea, mguu umekatwa na jani la mpunga au na kisu, sijui. Kapita akampiga mgongoni, mara mbili, kwa nguvu.

“Haraka! Bwana anangoja!”

Mlango wa kijumba ukafunguka kwa ndani. Dada alikuwa ameusukuma kwa mkono, uso umejaa jasho. Alisema kwa Kibangubangu, “Acheni. Hakuna muzungu humu. Niko mimi, mwanamke, nimevunjika nyonga. Nani huyo anapigwa kwa ajili yangu?”

Kapita alimwangalia yeye, kisha mimi, kisha kofia yake mwenyewe aliyoishika mkononi.

“Nilivua kofia,” alisema. “Jana nilivua kofia!”

Amisi akasogea mbele yangu.

“Na jana iko nani mule?”

“Hapana mutu,” nikasema.

“Hapana mutu?”

“Kulikuwa na godoro.”

Aliangalia juu ya kilima, kwenye mpunga. Kisha akasema, bila kupaza sauti, “Fundi, ndege wamekula shamba la mama yangu, sisi tunavuta godoro. Wazungu wakitufanya hivi, ni wazungu. Wewe?”

Nilianza kusema habari za mlinzi na nyumba ya safari, nikasikia sauti yangu inavyolia, nikaacha. Kapita alipiga kelele kwamba watu wote warudi shambani. Atakayegusa sanduku lile, jina lake litafika ofisini. Maji yalikuwa yamefika kwenye ekseli. Dada aliyaona kupitia mlango. Hakuomba kitu.

Amisi ndiye aliyegeuka kwanza. “Kapita, jana ulituita kwa fimbo. Leo haujatuita, tunakuja wenyewe. Andika: Amisi. Utauliza hawa wengine majina yao.” Mwanamke mmoja aliyekuwa na kikapu akakiweka chini, akataja jina lake kwa sauti, polepole, kama anamwandikisha mtoto shuleni. Wengine wakafuata. Walikata miti miwili mirefu, wakaipitisha chini ya kijumba ili kibebwe, kisivutwe, dada asitikiswe. Kisha Amisi akanionyesha kona ya nyuma, mahali pazito.

“Wewe, bega lako hapa.”

Tuliingia majini. Nimebeba mbao maisha yangu yote, lakini sijawahi kubeba kitu kama kile. Nitasema yote: miti ilipokwaruza rangi, nikawaza nitairekebisha na nini. Hata pale! Nikajichukia, nikakaza bega. Na wao wakaimba.

“Fundi ni mzito!”

“Amekula nini?”

“Amekula aibu yake!”

“Imemshibisha?”

“Bado, mwongezeni!”

Ndani, dada alikuwa anacheka na kulia kwa maumivu, vyote pamoja. “Mwongezeni!” aliitikia.

Alhamisi usiku tulifika hospitali ya Kasongo. Daktari alimpapasa, akauliza kwa hasira kwa nini tumechelewa. Nilimweleza habari za ofisi na lori la pamba. Za rangi sikumweleza. Hizo nilimweleza Anastazia baadaye, alipokuwa amelala na uzito umefungwa mguuni. Akasema, “Nilijua. Tangu utoto wetu uko hivyo.”

Ripoti ya kapita ilifika ofisini. Nilifungwa siku saba kwa dharau kwa serikali, nikakata majani ya ofisi kila asubuhi. Dharau yenyewe ni kwamba mtu wa serikali alikisalimu kitanda cha mtu mweusi. Kuhusu mgongo wa Amisi hakuna aliyeuliza. Kuhusu mpunga, hakuna. Kuhusu mgonjwa kupandishwa juu ya magunia, hakuna kosa lililoonekana. Mpaka leo nikilikumbuka dawati la ofisini na karani aliyenisomea kosa langu, damu inapanda.

Nilipotoka nilichukua baiskeli nikaenda kijijini kwa Amisi, nikavuna mpunga wa mama yake uliobaki. Haukuwa mwingi. Amisi alisema navuna polepole mno, kila shuke nalipima.

Dada anatembea kwa fimbo, na amerudi kwa mume wake. Kijumba kimekwisha kuleta wagonjwa wengine watatu. Mlango wake nauacha wazi njia nzima, na kapita akisimama kuuliza aliyemo, mimi ndiye ninayejibu, na ninataja jina la mgonjwa.