Saa Moja ya Dubai hadi Maskati

Miaka ya tisini nilikuwa nikikata tiketi za ndege katika ofisi ndogo ya usafiri huko Wembley, na nilikuwa najiona. Masafa yote nilikuwa nayo kichwani. Dubai hadi Maskati, kilomita hazifiki mia nne, saa moja angani, hata kikombe cha chai hukimalizi. Mteja akiuliza, namjibu kabla hajafunga mdomo.

Mama alikuwa Maskati kwa jamaa zake, tangu tulipotawanyika kutoka Unguja. Dada yangu mkubwa aliolewa Dubai. Mimi nilikuwa peke yangu Harrow, chumba cha kupanga, nikingoja karatasi zangu za ukaazi zitoke ofisi ya uhamiaji Croydon, kwa hiyo kusafiri siwezi. Hamu yangu yote ya mama nikamtwika dada. Kila nikimpigia simu namsimanga: "Saa moja tu, Dada! Ningekuwa mimi, ningekwenda kila wiki." Yeye hucheka. Ana watoto wanne, na mume asiyependa kuachiwa jiko.

Alasiri moja ya Januari alinipigia ofisini. Mama hali yake mbaya, jamaa wamemwita aende.

"Naondoka sasa hivi kwa gari," alisema. "Shemeji yako keshatia mafuta."

"Kwa gari? Giza lishaingia huko, na milima ile, na mpakani mtawekwa. Ngoja, nna seat ya kesho saa mbili asubuhi. Saa tatu ushafika. I'll book it now."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Dada, hii ndiyo kazi yangu."

Akanisikiliza. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma, na nikisema neno hulichukua kama lilivyo.

Mama alikata roho kabla ya alfajiri. Dubai ikaamka na ukungu, ndege zikabaki chini hadi karibu adhuhuri. Kwetu maiti hacheleweshwi, na wanawake hawaendi makaburini; buriani yao ni nyumbani, kabla jeneza halijatoka. Dada alipofika mlangoni, jeneza lilikuwa limetoka kama robo saa. Alikuta ubani, mikeka, na wanawake wakilia.

Kwa gari ni saa tano au sita, mpaka na yote; angefika usiku ule ule, akamshika mkono mama yungali hai. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko masafa yoyote.

Nilipompigia hakunilaumu. "Ndege yenyewe ilikuwa saa moja kweli," alisema, "kama ulivyoniambia." Nyuma yake nilisikia watu wanasoma hitima. Nilipoweka simu chumba kikawa kimya, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia nimefiwa. Niliona uchungu mkubwa. Asubuhi nikapanda treni, nikaenda kazini.

Wiki ile ile akaja mama mmoja wa Kipemba, anataka tiketi ya mwanawe, Dubai hadi Maskati. Kuna mgonjwa.

"Ni mwendo wa saa ngapi, mwanangu?"

"Sijui, mama," nikamwambia. "Kama ana gari, mwambie aondoke sasa hivi."

Akanitazama kama aliyekutana na mwendawazimu, akatoka kwenda ofisi ya jirani.

Karatasi zangu zilikuja kutoka baadaye. Dada bado tunapigiana, Idi na siku za kawaida, tunacheka vilevile. Lakini safari zake hukata tiketi kwingine, na mimi huambiwa akisharudi.