Meza ya Nne

Yule mama wa meza ya nne hakuwa na haja ya kutazama. Pale kiwandani Kitakyushu, Japani, ambako nguo kuukuu za poliesta huyeyushwa kwa dawa hadi zirudi kuwa malighafi nyeupe kama chumvi, kazi yake ilikuwa kuondoa kila kisicho poliesta: vifungo, zipu, na vile vitambaa vya pamba vyenye majina ambavyo akina mama huvishona kwenye fulana za michezo za watoto wao. Alishika, akakata, akatupa, huku akiimba kwa sauti ya chini. "Dada, mikono yako ina macho," Orie, mwenzake wa meza ya mbele, alizoea kumtania. Naye hujibu, "Macho ya nini? Yanachelewesha tu!"

Siku moja wimbo ulikatika. Fulana ya bluu ilikuwa imekwisha kuporomoka ndani ya tangi la dawa, na yule mama alibaki akisugua vidole kama aliyeshika kaa la moto. "Lile fundo la uzi kwenye kitambaa cha jina nilichokata sasa hivi," alisema, "nililifunga mimi. Ni fulana ya mwanangu, Orie. Alipoacha shule tuligombana, nikatupa nguo zake zote. Hata simu hapigi." Walipiga magoti wote wawili wakapekua pipa la vitambaa hadi kengele ikalia, wasikipate kile chenye jina la mwanawe.

Siku hizi meza ya nne ndiyo ya mwisho kumaliza. Kila jina yule mama hulisoma kwanza kwa sauti, kisha husubiri kidogo kabla ya kukata, kana kwamba kuna wa kuitika.